Somo la Sanaa Lamu: Uchache wa Wanafunzi Usisomwe kama Uchache wa Hamu

Tangu kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi (CBC) wa Kenya lilipoingia Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, mnamo Januari 2026, hukumu moja imekuwa ikitolewa kwa wepesi barazani, katika mikutano ya wazazi na hata miongoni mwa walimu wa Lamu: kwamba mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo hauna wenyewe huku kwetu, kwamba wazazi wanataka daktari na mhandisi, na kwamba watoto nao huona kuchora na kuchonga ni mambo ya kupitishia wakati. Wanaosema hivyo hutazama orodha ya darasa, wakaona majina machache, wakahitimisha kwamba hamu haipo. Naona wanaisoma orodha kinyume. Majina machache katika somo la sanaa yanatueleza ni shule gani zina uwezo wa kulifundisha. Kuhusu hamu ya watoto hayatuelezi karibu lolote. Kosa hili la usomaji likiachwa likawa ndio msingi wa kugawa walimu na vifaa, kaunti yenye mji unaotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu 2001, tena kwa sehemu kwa sababu ya kazi ya mikono ya mafundi wake, itawamalizisha watoto wake shule bila ya kuwafundisha namna nakshi inavyopangwa ubaoni.

Inafaa kwanza kuutazama uchaguzi wenyewe unavyofanyika. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Huchagua masomo matatu ya hiari juu ya yale ya lazima, hutaja shule 12 ambazo angependa kupelekwa, kisha mfumo wa wizara ndio unaompangia. Lengo ambalo serikali imekuwa ikilitaja ni takriban asilimia 60 ya wanafunzi kwenda STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo, na katika hiyo 15 mna muziki, ngoma, maigizo, filamu na michezo yote, kwa hivyo kuchora na kuchonga hupata sehemu tu ya sehemu. Kwenye karatasi kila mtoto ana uhuru uleule. Shule, hata hivyo, hazilingani. Zipo zilizoruhusiwa kutoa mikondo yote mitatu na zipo za mikondo miwili, na kwa kuwa STEM inatarajiwa kupatikana kila mahali, shule inapokuwa ndogo mkondo unaoachwa kwa kawaida ni huu wa sanaa. Sababu zake hazina fumbo: somo hili linataka chumba chenye meza pana na maji, mahali pa kuweka kazi ambazo hazijakauka, vifaa vinavyokwisha na kununuliwa tena, na mwalimu aliyelisomea, ambaye katika orodha za ajira hatangulii mwalimu wa hisabati.

Mfumo huo ukiuweka juu ya ramani ya Lamu, picha hubadilika. Katika miji ya bara, shule moja ikikosa somo, nyingine huwa ipo mwendo wa matatu tu. Kwa mtoto wa Kizingitini, Faza au Siyu, katika kisiwa cha Pate, shule nyingine ina maana ya boti, nauli, kusubiri maji yajae, na mara nyingi bweni. Iwapo shule ya kutwa iliyo karibu naye haina sanaa, mtoto huyo hajapewa uchaguzi kati ya sanaa na jiografia. Amepewa uchaguzi kati ya kuhama nyumbani na kubadili somo. Mzazi anayemwambia mwanawe achukue kilichopo karibu hajaidharau sanaa, amepiga hesabu ya karo na ya usalama wa safari. Mwaka unaofuata, ofisa atakayezisoma takwimu ataona kwamba wanafunzi wa visiwani hawakuichagua sanaa, ataandika kwamba mahitaji ni madogo, na mwalimu wa sanaa hatapelekwa. Bila mwalimu, shule haitaruhusiwa kulitoa somo, na bila shule kulitoa, hakuna atakayelichagua. Hakuna mtu mmoja mbaya katika mzunguko huu, na ndiyo maana ni mgumu kuukata, kwa kuwa kila mmoja wao ametenda kwa busara akitazama karatasi iliyo mbele yake.

Kenya imewahi kuupitia mzunguko kama huu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na ahadi kubwa ya masomo ya mikono, na Sanaa na Ufundi likawa somo la kutahiniwa katika shule za msingi. Wazazi walitakiwa kuchangia ujenzi wa karakana. Kwingi karakana hizo hazikukamilika, au zilikamilika kuta bila vifaa, na somo lililokusudiwa kufundisha mikono likageuka kuwa la kukariri: watoto wakajua kutaja rangi za msingi na aina za mishono, wengine bila ya kuzishika hizo rangi wala sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idadi ya masomo ya mtihani ilipopunguzwa, sanaa ilitoka, na ilipotoka katika mtihani ikatoka pia katika ratiba, hata pale ilipokuwa imeandikwa. Katika sekondari ilibaki somo la hiari la Sanaa na Usanifu ambalo shule chache ziliweza kulimudu. Wengi walisema wakati ule kwamba Wakenya hawazitaki kazi za mikono. Mimi nasema karakana ndizo zilizokosekana. Na leo mwelekeo unaanza kufanana: katika sekondari msingi, masomo yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9, kuchora, muziki, maigizo na michezo vilikusanywa kuwa somo moja, ambalo huenda likafundishwa na mwalimu aliyesomea riadha. Mtoto hufika katika uchaguzi wa Gredi ya 10 akiwa ameionja sanaa kwa ncha ya ulimi, kisha tunamuuliza kama anaitaka.

Zipo hoja zinazotolewa dhidi ya somo hili, na hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi, kwamba sanaa ni kimbilio la wenye alama za chini. Anayesema hivyo hajamtazama mchongaji akipanga kazi kabla ya kushika patasi. Nimewahi kumtazama fundi mmoja wa Langoni akianza mlango. Alichora duara kwa bikari, kisha bila kuibana wala kuipanua akaitembeza juu ya mzingo wa duara lile mara sita, akarudi palepale alipoanzia, na hapo akapata waridi la petali sita. Akagawa kila pembe nusu, yakawa kumi na mawili. Kazi ngumu ilikuwa bado mbele, kwani ilibidi apime urefu wa mwimo, yaani mbao ya wima ya pembeni mwa mlango, na kuugawa kwa idadi kamili ya mawaridi, ili ua lisije likakatwa katikati pale mwimo unapokutana na kizingiti, na mfaa ukae katikati ya mbao mbili zisizolingana upana. Kosa dogo katika mgawo wa kwanza hujilimbikiza hadi kona ya mwisho, na ubao uliokwisha kuchongwa haurudi kuwa mzima. Huo ni uwiano, ulinganifu na jiometri, na unafanywa mahali ambapo jibu lisilo sahihi lina gharama ya fedha. Kuwapeleka huko wanafunzi walioshindwa na hesabu, kwa kudhani kwamba hesabu haipo, ni kuwatendea isivyo haki wao na somo lenyewe.

Pingamizi la dini linastahili adabu zaidi. Wapo wazazi na masheikh wanaohofia kwamba darasa la kuchora litamlazimisha mtoto achore au achonge umbo la kiumbe chenye roho, jambo wasiloliridhia. Hofu hii haifai kupuuzwa kama ushamba, kwa sababu inatokana na imani inayoongoza maisha ya mji mzima. Lakini Lamu ndiyo yenye jibu lake, na imekuwa nalo kwa karne nyingi. Zidaka za chokaa zilizochongwa ndani ya nyumba za mawe za karne ya 18, milango ya Kibajuni yenye ruwaza za kijiometri, misahafu iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono huko Siyu, siwa (baragumu la sherehe) ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, kofia za kudarizi, mikeka ya ukindu: hazina yote hii ilikua bila kuhitaji sura ya mtu. Somo la sanaa ni pana vya kutosha kubeba usanifu wa herufi, ususi, upambaji wa vitambaa, kazi ya ngozi na ufinyanzi. Shule inaweza kukubaliana na wazazi mwanzoni mwa mwaka kazi zitakuwa za aina gani, na Baraza la Mitihani nalo linapaswa kuhakikisha kwamba maswali ya vitendo yanampa mtahiniwa njia zaidi ya moja ya kuonyesha ujuzi wake.

Hoja ya wale wanaosema kwamba fundi anatosha ni nzito zaidi, na mimi mwenyewe nimeitafakari kwa muda mrefu. Wanauliza, darasa la nini ikiwa karakana ziko mitaani, ikiwa Matondoni hujengwa majahazi na mabaharia huyajua majina ya mafundi wake, na ikiwa ujuzi huu ulipita kutoka baba hadi mwana bila cheti wala silabasi? Ni kweli ulipita hivyo. Kilichobadilika ni siku ya mtoto. Uanagenzi wa zamani ulimchukua kijana akiwa mdogo na kumweka kando ya fundi asubuhi hadi jioni kwa miaka. Sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inamtaka mtoto huyohuyo awe shuleni, na saa zinazobaki ni za madrasa. Tumeipa shule saa ambazo karakana ilikuwa ikizitumia, kisha tunashangaa wanagenzi wamepungua. Aidha, karakana hufundisha kwa mfano wa kazi iliyopo mezani, nayo kazi hiyo huchaguliwa na mteja. Mwanagenzi hujifunza kuchonga kile kinachoagizwa mwaka huo. Huenda asipate kamwe nafasi ya kulinganisha mlango wa Lamu na wa Unguja, ya kuchora mchoro wa vipimo ambao msanifu wa majengo wa Nairobi ataukubali, au ya kujaribu jambo ambalo hakuna aliyelilipia.

Kuna pia suala la wasichana, ambalo watetezi wa karakana hulipita haraka. Kijadi, nakshi ya mbao na ujenzi wa vyombo vya baharini ni kazi za wanaume, na karakana ni baraza la wanaume. Msichana wa Lamu anayejua kupanga ruwaza ya hina mkononi mwa bibi harusi, au kusuka mkeka wenye rangi tatu bila ya kupoteza hesabu ya miyaa, ana jicho lilelile analohitaji mchongaji, ila hakuna mlango unaomfikisha kwenye patasi. Darasa la sekondari linaweza kuwa mahali pa kwanza ambapo anakishika kifaa hicho bila ya mtu kuuliza anatafuta nini hapo. Kwangu mimi, hata kama hoja nyingine zote zingeshindwa, hii moja ingetosha kulitetea somo.

Inabaki hoja ya ajira, na hapa sitawaahidi wazazi nisichokuwa na uhakika nacho. Soko la milango na samani za nakshi linategemea sana hoteli, nyumba za kifahari za Shela na wanunuzi kutoka mbali. Matukio ya utekaji nyara ya 2011, mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 pamoja na kafyu iliyofuata, na kisha janga la korona la 2020, kila moja liliwafungia wageni njia na kuwaacha mafundi bila kazi. Mzazi anayekumbuka miaka hiyo ana haki ya kuogopa. Lakini hofu hiyo inahusu biashara moja, na somo la sanaa ni pana kuliko biashara hiyo. Mji wa Kale ukiwa urithi wa dunia unahitaji daima watu wanaojua kupima, kuchora na kurekebisha nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, wageni wawepo wasiwepo. Jahazi la Flipflopi, lililozinduliwa Lamu mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata, liliundwa kwa taka za plastiki na kuvikwa maelfu ya vipande vya kandambili zilizookotwa ufuoni. Aliyeongoza ujenzi wake ni fundi wa Lamu, Ali Skanda, na ujuzi uliotumika ulikuwa ule wa majahazi ya mbao ukihamishiwa katika malighafi mpya kabisa. Kuhamisha ujuzi namna hiyo ndiko hasa somo la usanifu linakotakiwa kumfikisha mwanafunzi. Hata suala la gharama hupungua likitazamwa hivi: mkaa, chokaa, udongo, ukindu, vipande vya mbao na plastiki vipo, na darasa linaweza kuanza navyo huku likisubiri rangi za dukani.

Malindi inatupa sababu nyingine, isiyohusu ajira hata kidogo. Vigango, nguzo za ukumbusho ambazo Wagiriama huwachongea wazee waliofariki wa chama cha Gohu, viliibwa kwa wingi makaburini na kuuzwa kwa wakusanyaji na makumbusho ya Marekani, baadhi vikirejeshwa nchini miaka mingi baadaye. Wizi wa aina hiyo hurahisishwa pale ambapo kijana wa kijijini anakiona kigango kuwa gogo kuukuu, na mgeni anakiona kuwa mali. Historia ya sanaa ya mahali, ikifundishwa vizuri katika darasa la sekondari, humpa kijana macho ya kuona alichonacho kabla hajaonyeshwa thamani yake na mnunuzi.

Sasa, iwapo tatizo ni uwezo wa shule, uwezo huo utatoka wapi? Hapa ndipo mpangilio wetu wa utawala unapotukwamisha. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, serikali za kaunti zimepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na shughuli za utamaduni. Shule za sekondari zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo fundi yuko upande wa kaunti, darasa liko upande wa wizara, na somo la sanaa linalowahitaji wote wawili halina mwenyewe. Isitoshe, sheria inamtaka kila anayefundisha shuleni awe amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, na fundi mwenye miaka thelathini kazini lakini asiye na stashahada hawezi kusajiliwa. Sipendekezi sheria hiyo ivunjwe, kwani inawalinda watoto. Napendekeza fundi awe mkufunzi wa vitendo chini ya mwalimu aliyesajiliwa, ambaye anaweza kuhudumia shule mbili au tatu kwa zamu. Kaunti imlipe kupitia chuo chake cha ufundi. Na ujuzi wake uthibitishwe kwa utaratibu ambao nchi imeshauanzisha wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa.

Mpango huo una hatari yake, na ni afadhali tuitaje mapema. Wazazi wa Mtaala wa Umilisi wanaijua vizuri: kazi ya mradi inayofanywa na mtu mwingine na kuwasilishwa kwa jina la mtoto. Katika mji wa wachongaji, kununua kipande cha nakshi kilichokamilika ni rahisi kuliko kukichonga. Tathmini ikitazama kazi iliyokamilika peke yake, tutakuwa tumewafundisha watoto udanganyifu na kuwapa mafundi biashara ya aibu. Dawa ni alama nyingi kwenda katika njia iliyopitiwa: daftari la michoro ya awali, vipimo vilivyofutwa na kurekebishwa, jaribio lililoharibika pamoja na maelezo ya kwa nini liliharibika, na kazi fupi inayofanywa mbele ya mwalimu ndani ya saa zilizopangwa. Fundi wa kweli humtambua aliyechonga mwenyewe kwa maswali mawili tu kuhusu ubao wake, na huo ni msaada ambao hakuna mtandao wa kupakia picha za miradi utakaoutoa.

Kundi hili la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Kabla ya hapo angalau vikundi vingine viwili vitakuwa vimechagua mikondo, na kila mara takwimu zitatangazwa na watu wataanza tena kusema kwamba Lamu haitaki sanaa. Bodi ya elimu ya kaunti inaweza kulizuia hilo kwa hatua isiyo na gharama kubwa: itangaze, sambamba na idadi ya waliosajiliwa katika somo la sanaa, idadi ya waliolitaja kama chaguo lao la kwanza, na idadi ya wale ambao shule iliyo katika kisiwa au tarafa yao inalitoa. Namba hizo tatu zikiwekwa pamoja, ofisa wa kugawa walimu atajua tofauti kati ya mahali ambapo watoto hawakutaka na mahali ambapo hawakupewa.